Sanduku Nililoliandika LAINI

Kwenye stoo yenu, rafu ya chini kabisa upande wa dirishani, kuna sanduku la mbao lililoandikwa LAINI kwa rangi nyeupe. Herufi N imegeuka, inatazama nyuma. Siku ya kuniaga, Shija, binti mliyemweka mahali pangu, alilisogeza kwa mguu akaniuliza, "Bibi, hili nalo tulichome?" Nilishindwa kumjibu. Watu walikuwa wanakunywa soda, na mimi sikutaka kulia juu ya soda za watu. Sasa nina wiki ya tatu nyumbani, nimechukua daftari la mjukuu wangu, namjibu kwa maandishi. Na ninyi wengine wa stoo na karakana someni, maana jambo lenyewe ni lenu pia.

Mshahara na vyeo siandiki. Mshahara mnaujua, na vyeo sikupata vya kujaza ukurasa.

Mimi ni Nyamizi, ng'wana Lugata, yaani binti Lugata, wengi mnaniita Mama Kabula. Nimezaliwa Bukombe, nikasoma kwa mapadri darasa la kwanza na la pili, la tatu nikalisikia kwa jirani. Baba mzaa mama alikuwa Mrongo wa upande wa Geita, mfua majembe, jina lake Lukanda. Utoto wangu nusu niliumalizia kwenye kibanda chake nikivuta mivukuto. Sokoni niliwaona wanunuzi wakigonganisha majembe mawili na kutega sikio: linalolia kama kengele wanalichukua, linalosema "pu" wanaliacha. Wengine walikwaruza bapa kwa jiwe gumu. Jiwe likiteleza, jembe zuri. Nilijua kuchagua jembe kabla sijajua kusuka nywele.

Nilipofiwa na mume nikaja Shinyanga mjini na watoto watatu, nikaandikwa kiwandani kwenu, kiwanda cha nyama, kufagia uwanja wa karakana. Siku ya kwanza Petro Masanja, mtunza stoo, alinipa ufagio na kuniambia, "Mama, kila chuma kilichoanguka ni mali ya kiwanda. Usikifagie kama maganda ya muhogo." Nikaokota vyuma vyote, nikavigonga kimoja kimoja, nikavipanga mafungu mawili. Mara akatokea mtu mrefu mwenye kofia ya kitambaa, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Huyo ndiye Fundi Athumani Seif, Mzaramo wa Kisarawe, mkuu wa mitambo ya baridi.

"Nani amekuambia uchague hivi?"

"Hakuna. Hivi vinalia, hivi havilii."

Akatoa tupa mfukoni, akakwaruza nayo kila chuma cha fungu la vinavyolia. Tupa ikateleza. Akaenda fungu la pili, tupa ikauma. Isipokuwa kimoja. "Hiki kigumu. Umekosea."

"Sijakosea. Kina ufa."

Akakigeuza juani. Ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele. Akamwita Petro: "Petro, ufagio mpe mtu mwingine. Huyu mtani wangu ana masikio." Ndivyo nilivyoingia stoo. Wazaramo na sisi Wasukuma ni watani, kwa hiyo kuanzia siku hiyo hatukuambiana neno zuri tena. Yeye akiniona na mtungi wa gesi: "Wewe Msukuma, huo haukamuliwi, uache." Na mimi: "Ninyi wa pwani chuma mmekijulia kwenye kijiko cha pilau."

Yeye ndiye aliyenifundisha. Kabla ya kitu chochote alinifundisha amonia. Ninyi mmeikuta, mnaizoea, lakini mimi nilikuwa sijawahi kusikia gesi inayonuka kama mkojo wa mbuzi waliofungiwa siku tatu. Ikibanwa na kupozwa inakuwa maji, na maji yale ni baridi kuliko barafu. Ndiyo yanayozunguka kwenye mabomba kugandisha nyama. Athumani alinionyesha kivali kidogo cha shaba ya njano ambacho mtu asiyejua alikifunga kwenye bomba la amonia. Kilikuwa kimegeuka rangi ya bluu na kijani, kimepasuka kama kisigino cha mkulima. "Amonia inakula shaba," alisema. "Ukiona chuma cha njano kinakwenda chumba cha mitambo, lala mlangoni wapite juu yako." Mwezi mzima tulifanya kazi ya kutoa shaba kwenye makasha. Nilimaliza na mikono inanuka kama senti.

Halafu akanifundisha vali ya kuzuia kurudi. Ni kama mlango wa zizi la ndama: ukisukumwa upande mmoja unafunguka, mzigo ukitaka kurudi unajifunga wenyewe. Ndani yake mna kisahani cha chuma, kinapiga kwenye kiti chake. Pampu ya amonia ikisimama, maji yote yaliyopandishwa juu yanataka kushuka, na kisahani hicho kimoja, kipana kama kiganja cha mtoto, ndicho kinachoyazuia. Na umeme wetu mnaujua. Siku nyingine ulikatika mara tano, na kila mara kisahani kilipiga "ta!" Vile vya zamani vya chuma laini vilichakaa upesi, vikaanza kuvuja. Athumani akaandika barua, akaomba vya aloi ngumu, chuma kilichochanganywa na madini mengine.

Kuhusu tupa alinipa sheria moja, naiandika kama alivyoisema: "Mtani, kisahani kipya usikikwaruze usoni. Uso ndio unaoziba. Mkwaruzo mmoja, tayari kinavuja. Piga tupa mgongoni." Nikaishika sheria ile kama amri ya Kanisa.

Makasha yalikuja kwa treni, yakashushwa Isaka, yakakaa uwanjani mvua ya masika ikiyanyeshea mpaka lori letu lilipopona. Yalipofika, karatasi za ndani zilikuwa uji. Petro alizimimina kwenye ndoo. Visahani vyenyewe vilikuwa salama, vimepakwa mafuta, lakini vilikuwa aina mbili, ukubwa mmoja, na hakuna aliyejua kipi ni kipi. Aina moja ilikuwa na rangi ya samawati kwa mbali na ililia kama kengele ya misa. Nyingine ilikuwa nyeupe, na sauti yake fupi.

"Mama Kabula, tuchagulie," Petro akasema.

Nikavipiga tupa mgongoni, kimoja kimoja. Kwenye samawati tupa iliteleza kama kwenye kioo. Kwenye vyeupe ikauma, ikatoa unga. Sikufikiri mara mbili. Vigumu nikaviweka rafu ya juu kwa ajili ya Athumani. Vyeupe kumi na viwili nikavitia kwenye sanduku la mbao, visubiri kurudishwa.

Wakati ule nilikuwa nasoma elimu ya watu wazima kantini baada ya kazi, kwa Mwalimu Veronika. Petro alinipa kopo la rangi na brashi, akaniambia niandike mwenyewe. Neno la kwanza nililowahi kuliandika nje ya daftari, likasomwa na watu, ni hilo. LAINI. Niliita mpaka wakata nyama waje kuliona. Nkwimba wa mezani alicheka: "N yako imekasirika, imekupa mgongo." Sikujali. Nilitembea nyumbani siku ile kama nimebatizwa upya.

Athumani akafunga kisahani cha samawati. Alikipigapiga kwa ukucha, akasema, "Hiki kitatuzika wote."

Siku ya kumi na moja, asubuhi, saa nne, umeme ulikatika. Nilikuwa stoo nikihesabu nati. Nikasikia pampu inakata pumzi, nikangoja "ta!" niliyoizoea. Sikuisikia. Nilisikia sauti kama chungu kinadondoka kwenye jiwe. Kisha pampu ikaanza kulia tena, na umeme haukuwepo. Vijana, hapo nywele zilinisimama. Pampu bila umeme inazungukaje? Ilikuwa inazunguka kinyumenyume. Kisahani kimevunjika, amonia yote ya juu inashuka kwa kishindo na kuigeuza pampu. Halafu kitu kikapasuka, likaja wingu jeupe kwenye dirisha la chumba cha mitambo, na harufu ile ikanipiga kifuani kama teke.

Wakata nyama walikuwa mlango wa pili. Wangekufa wote. Athumani alikuwa nje tayari, nilimwona kwa macho yangu yuko nje, salama, akikohoa. Akavua kofia, akailowesha kwenye pipa, akajiziba pua, akarudi ndani. Alikwenda kufunga koki ya mkono iliyo nyuma ya tangi. Nilihesabu kwa sauti, sijui kwa nini, nilifika arobaini. Wingu likapungua. Akatoka akitambaa, na macho yake, Mungu wangu, yalikuwa meupe kama ya samaki aliyechemshwa.

Nawataja waliomwagia maji: Nkwimba, Mhoja wa nyundo, na dereva Yohana. Walimwagia ndoo baada ya ndoo bila kumwambia neno. Mimi nilisimama na nati mkononi. Nilikuwa nazo bado tulipofika hospitali.

Nilidhani mshtuko umeisha. Siku ya pili wakaja polisi wawili. Meneja wetu, Bwana Kimaro, alituita karakana. "Kisahani kipya, cha aloi ngumu, kimevunjika siku ya kumi na moja. Chuma hakivunjiki chenyewe. Aliyekifunga alikipiga nyundo, au alifanya makusudi. Ni uzembe au ni hujuma." Mitambo ilikuwa mali ya umma, na neno hujuma wakati ule halikuwa neno la kuchezea. Mtu alikwenda nalo gerezani. Athumani alikuwa kitandani na vitambaa machoni, na kitanda chenyewe kilishawekewa askari.

Nilikwenda kumwona. Mkewe, Mama Zaituni, alinipisha kigoda.

"Nani?" akauliza.

"Mtani wako."

"Umeniletea maziwa au umekuja na mikono mitupu ya Kisukuma?"

"Maziwa. Ya mgando."

Akageuza uso upande wangu. "Kile ulichonipa, kilikuwa cha samawati?"

"Ndiyo. Kigumu kuliko vyote. Tupa iliteleza."

"Uliipiga wapi?"

"Mgongoni. Kama ulivyonifundisha."

Alilirudia neno hilo, mgongoni, kidole gumba kikipapasa shuka. Kisha akanishika kifundo cha mkono, akakibana. "Usimwambie mtu habari ya tupa. Umesikia? Mtu yeyote." Nikasema nimesikia. Sikuelewa. Nilidhani ni dawa zinasema.

Petro alikuwa ameweka vipande vya kisahani kwenye kopo la maziwa. Nilivimimina mezani. Palipovunjika pakang'aa chembechembe, kama sukari. Sukari ile nilikuwa nimeiona, mara moja tu, nikiwa mtoto. Mtu mmoja alimrudishia babu jembe lililokatika, na babu akatazama palipokatika, akasema, "Hili nimelifanya gumu mpaka mkiani. Nimeliua." Jembe letu lina bapa na lina mkia mwembamba unaopita kwenye mpini. Babu alikuwa anayafanya makali kuwa magumu, lakini mkia anauacha laini, upinde kidogo, umeze pigo. Mnunuzi sokoni anapima bapa. Mhunzi anapima vyote viwili. Na mimi miaka yote ile stoo, na masikio yangu niliyosifiwa, nilikuwa napima kama mnunuzi.

Nikainama kwenye sanduku la LAINI. Nikatoa kisahani kimoja cheupe. Mgongoni kilikuwa na alama ya tupa yangu. Nikakigeuza. Usoni, kuzunguka ukingo, palikuwa na pete nyembamba ya rangi nyingine kidogo, kama kilemba. Nikavunja amri ya Athumani, nikaweka tupa juu ya pete ile, nikasukuma.

Ikateleza.

Nikasukuma kwa nguvu zote. Ikateleza. Nikatoa cha pili, cha tatu. Vyote kumi na viwili. Makali magumu, mkia laini. Jembe la babu yangu, limekuja kwa treni kutoka Ulaya, na mimi nimeliandikia jina la kulikataa.

Nilikaa chini sakafuni. Petro alinikuta hapo.

"Petro, aliyemuumiza Athumani ni mimi."

Nikamweleza. Akafunga mlango. "Mama Kabula, ukilisema hilo nje, mimi na wewe tunaondoka leo leo. Una watoto watatu. Mimi nina saba."

"Na Athumani?"

"Athumani ni mgonjwa. Watamhurumia."

"Ana askari kitandani, Petro."

Akageukia rafu, akaanza kupanga vitu vilivyokwisha kupangwa. Nikaenda kwa meneja peke yangu, sanduku kichwani kama mtu anayepeleka viazi sokoni.

Bwana Kimaro alinisikiliza amesimama. Sisemi alikuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyesoma. "Mama, unataka kuniambia kigumu kimevunjika, na laini ndicho kilifaa?"

"Kwenye joto sijui. Kwenye baridi, ndiyo, maana kigumu kikipoa sana hakimezi pigo. Nijaribie, mzee. Vitie kwenye chumba cha kugandishia, aina zote mbili, vilale na nyama. Kesho tuvipige."

Tulivifunga waya, tukavitundika kati ya mapaja ya ng'ombe. Asubuhi walikuja wote, na polisi wao. Mhoja alishika nyundo. Kwanza tuliweka kwenye fuawe kisahani cha samawati kilicholala nje, kwenye joto. Akakipiga mara tatu. Kikaruka, kikalia, hakikufanya kitu. Askari mmoja akacheka. Kisha tukatoa cha samawati kilicholala na nyama, kina ukungu mweupe juu yake. Mhoja akapiga mara moja. Kilipasuka vipande vinne, kimoja kikaenda kugonga mlango wa bati, na yule askari akainama na kofia yake. Ndani, sukari.

Cha tatu, cheupe, kutoka chumba kile kile. Mhoja alipiga mara moja. Akapiga ya pili. Akanitazama, akapiga ya tatu kwa mikono miwili. Kilibonyea mgongoni, alama kama ya kidole gumba kwenye ugali. Hakikupasuka. Pete ya usoni ilikuwa nzima.

Bwana Kimaro alikwenda ofisini, akarudi na katalogi ambayo ilikuwa kwenye kabati lake muda wote huo, haijafunguliwa. Akatusomea kwa Kiswahili, polepole: vyeupe, mwili wa chuma kisichoshika kutu, ule ambao baridi haiufanyi dhaifu, uso umepakwa aloi ya kobalti na kromi kwa ugumu; kazi yake, mabomba ya baridi. Akavifanyia jaribio la mwisho lililoandikwa humo, akaweka sumaku. Kwenye cheupe ikaanguka. Kwenye samawati ikanasa. Samawati, chuma kilichochomwa kikawa kigumu chote mpaka ndani. Vilikuwa vya bomba la mvuke. Vya boila.

"Nani aliyevitenganisha hivi?" akauliza, ingawa alijua.

"Mimi, mzee. Mwandiko huo ni wangu."

Askari waliondolewa kitandani siku hiyo hiyo. Hujuma ikafutwa. Mimi nilipewa barua ya onyo. Ilikuwa barua ya kwanza maishani kunijia yenye jina langu lote, na niliisoma mwenyewe bila kumwomba mtu. Petro hakuguswa. Tuliendelea kufanya kazi meza moja miaka mingi, na hakuwahi kulitaja.

Nilikimbilia hospitali na habari. Nilitegemea atafurahi. Athumani alikasirika mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Nilikwambia usiseme!"

"Wangekufunga."

"Wangenifunga, ningetoka. Mimi kwa mitambo nimekwisha, macho haya hayarudi, daktari ameniambia siku ile ile. Wewe ukifukuzwa, nani atachagua vyuma? Petro?" Akavuta pumzi. "Na nani alikufundisha kupiga tupa mgongoni tu?"

Nikaanza kufunga kitenge changu upya.

"Sema, Msukuma."

"Wewe."

"Basi." Akageukia ukuta.

Alikuwa amejua tangu siku ya maziwa. Amelala pale na askari miguuni, amejua kila kitu, kuanzia mgongo mpaka uso, akaamua kukaa kimya kwa ajili yangu. Hilo ndilo lililonishtua kuliko wingu lile jeupe.

Jicho moja lilikufa. La pili likabaki kuona vivuli. Mpaka Mungu alipomchukua, kila Ijumaa akitoka msikitini Mama Zaituni alimleta stoo kwa mkono, anakaa juu ya sanduku lile la LAINI, na mimi nampa kila chuma kilichokuja wiki hiyo. Alikipapasa pande zote mbili kwa kidole gumba. Hakunitania tena sana. Aliniuliza neno moja tu kabla hajakipokea: "Umekigeuza?"

Shija, sanduku usilichome. Vile kumi na viwili, kimoja kilipigwa na Mhoja, kumi vilivaliwa na pampu mpaka vikaisha, kimoja kimebaki humo, kimefungwa kwenye kitambaa cha kofia ya Athumani. Kitoe. Utaona mgongoni alama ya tupa yangu, nimeikwaruza kwa fahari sana. Ukishaiona, usikirudishe bado.

Kigeuze.